Usichore Tembo

Mama mkwe alipoondoka kwenda kwa bintiye mkubwa aliyekaribia kujifungua, alimwachia mkaza mwana wake amri tatu. Ya kwanza, nguo zisisahauliwe kambani, maana mvua za msimu huo zilikuwa hazipigi hodi. Ya pili, mlango wa uani ufungwe kwa komeo na kufuli, si komeo peke yake. Ya tatu aliitoa akiwa ameshatia mguu mmoja ndani ya basi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Na Baba yako asipewe karatasi yoyote. Ikija, itie kabatini mpaka nirudi."

"Hata barua, Mama?"

"Kwani barua si karatasi?"

Utingo akapiga bati, basi likaenda zake, na mkaza mwana akabaki kituoni na mwavuli na swali.

Alikuwa na miezi saba katika nyumba ile na bado walimwita Bibi Harusi, kana kwamba keki ingali mezani. Kazi yake ilikuwa duka la dawa, nyuma ya kaunta, kusoma vyeti vya madaktari. Mtu anayesoma mwandiko wa madaktari kutwa nzima huona hakuna siri inayoweza kumshinda. Na nyumba ile ilikuwa na siri. Alikuwa ameinusa tangu wiki ya kwanza.

Baba mkwe alikuwa fundi wa kuandika mabango. Mji mzima ulimwita Brashi. Vinyozi, maduka, gereji na hoteli, wote waliandikiwa na yeye, na herufi zake zilikuwa zimesimama wima na kushiba, nzuri hata mtu asiye na shida ya kunyoa akaingia kunyoa. Wateja walileta maneno yao yameandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, hivyo ndivyo Mama mkwe alivyowaagiza wote, ati kwa ajili ya macho ya fundi. Na kila karatasi ilipofika, wazee wale wawili waliingia stoo ya rangi wakafunga mlango. Ungesikia Mama ananong'ona. Kisha ungesikia mkasi, kachu, kachu. Kisha Mama hutoka na kipande cha karatasi kiganjani, huenda moja kwa moja jikoni na kukitia motoni. Baba naye hutoka nyuma yake anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

Siku moja moto ulikuwa mdogo na kipande hakikuungua chote. Bibi Harusi alikiopoa kwa koleo. Kilisema: NIMENGOJA SIKU TISA. NIKIKOSA SAFARI HII NAKWENDA KWA MWINGINE.

Usiku huo hakulala. Nani anangoja siku tisa, mwanamke wa nje au mtu wa vitisho? Asubuhi alimwonyesha mumewe, ambaye alikuwa fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache kama majokofu yenyewe. Mume alikisoma, akajikuna shingo, akasema, "Hayo ni mambo ya wazee." Akamuuliza wifi yake, binti wa mwisho aliyekuwa bado shuleni. Wifi akasema, "Wifi, katika nyumba hii ukiuliza sana unapewa vyombo uoshe." Akampa vyombo aoshe.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Basi Bibi Harusi akaamua kuwa kata.

*

Jumatano karani wa shule mpya ya watoto wadogo alileta bahasha. Shule ingefunguliwa Jumamosi, na ukuta wake wa mbele ulikuwa mweupe pe, unasubiri maneno.

"Fundi yupo?"

"Yupo uani, anaosha brashi."

"Mpe hii. Mwambie maneno yote yamo humo. Na tafadhali, Jumamosi ni Jumamosi."

Bibi Harusi aliitia bahasha kabatini kama alivyoagizwa. Akaenda kupiga pasi. Akarudi kuitazama. Ilikuwa imegundishwa vizuri na kuifungua kungekuwa utovu wa adabu, na yeye alikuwa mtu wa adabu. Lakini kumpa mwenyewe barua yake, huo nao ni utovu wa adabu? Alitaka kuona jambo moja tu: uso wa Baba akiisoma. Uso haudanganyi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye methali hiyo aliijua vizuri, aliwahi kuiandikia insha akapata alama zote.

Akamkuta Baba uani, mikono ikinuka tapentaini.

"Shikamoo, Baba. Bahasha yako, kutoka shule mpya."

Baba alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Marahaba. Mama yako amepiga simu?"

"Bado, Baba."

"Huyo karani alisema nini?"

"Kwamba ufunguzi ni Jumamosi. Na maneno yote yamo humo."

"Maneno yote yamo humo," alirudia Baba, kama anayekariri njia ya kwenda mahali. Akaifungua. Akaitazama karatasi muda mrefu, kutoka juu mpaka chini, naye Bibi Harusi akamtazama yeye bila kupepesa. Hakushtuka. Hakuona haya. Hakuificha mfukoni. Alisema tu, "Ni mengi, lakini yataenea," akakaa kwenye kiti chake kifupi na kuanza kuikunja karatasi mara nne, mara nane, mpaka ikawa miraba midogo midogo. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi: hupiga miraba kwenye karatasi, hupiga miraba mikubwa ukutani kwa uzi wa chaki, kisha huhamisha kilichomo katika kila mraba.

Bibi Harusi alirudi kwenye pasi yake amevunjika moyo. Alikuwa amevunja amri bure.

*

Ijumaa alasiri joto lilikuwa la kukamua, na mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa mashamba ya michungwa. Bibi Harusi alitoka kazini akapita njia ya shule ili akamwone Baba. Kutoka mbali aliona watu kama kumi na tano wamesimama mbele ya ukuta. Akafurahi, kazi imependwa. Alipokaribia akasikia kicheko. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya alikuwa amelitua chini ili acheke kwa nafasi.

Ukuta ulisomeka hivi, kwa herufi za bluu zilizoshiba, kila moja na kivuli chake:

SHULE YA AWALI. KARIBUNI WATOTO WETU.
ELIMU HAINA MWISHO.
FUNDI, MWISHO WA MANENO NI HAPO JUU.
VISINGIZIO VYAKO TUMEVICHOKA. UKITUCHELEWESHA KAMA ULIVYOMCHELEWESHA KINYOZI, USIJE TENA.
NA USICHORE TEMBO. MWENYE SHULE HAPENDI TEMBO.

Na chini ya hapo, mkonga juu, masikio yametanuka, amesimama tembo. Tembo mzuri ajabu, wa kijivu, anatabasamu. Baba alikuwa na desturi ya kuanza kila ukuta wa watoto kwa tembo wa bure ili kuupasha mkono moto, na huyu alikuwa amekauka tangu jana.

Juu ya ngazi Baba alikuwa anamalizia nukta ya mwisho. Aliposikia kicheko kikizidi aligeuka, akavua kofia yake ya rangi, akawainamia watu kidogo kwa heshima. Alidhani wanamfurahia tembo.

Pale ndipo Bibi Harusi alipoelewa yote kwa mkupuo. Stoo, minong'ono, mkasi, moto. Aliyengoja siku tisa alikuwa mteja. Hakukuwa na mwanamke, hakukuwa na vitisho. Kulikuwa na mzee aliyeandika mji mzima bila kuweza kusoma hata neno moja alilouandikia, na mke aliyekuwa akimkatia kwa mkasi yale yasiyouhusu ukuta. Na yeye, msomi wa vyeti, kwa kutaka kuchungulia, ndiye aliyemvua mzee huyo nguo barabarani. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ikabidi afikiri.

Alijificha nyuma ya mti akampigia mumewe.

"Baba hajui kusoma."

Mumewe akashusha sauti: "Nani kakwambia?"

"Ukuta. Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu darasa la pili. Nilimletea ripoti nimeshika mkia, akanikumbatia akanipongeza. Lakini sikiliza, mdogo wangu hajui, na Mama hajui kama najua. Usithubutu kumwambia mtu."

"Njoo na turubai. Mvua inakuja. Na ukiulizwa, mwenye shule amebadilisha maneno."

Akampigia wifi yake. Wifi hata hakungoja swali liishe. "Wifi, nakuomba kwa Mungu, kaka asijue! Itamuumiza sana. Mimi najua peke yangu, tangu nikiwa mdogo."

"Njoo na matambara," alisema Bibi Harusi. "Mengi. Na ukiulizwa, mwenye shule amebadilisha maneno."

*

Kwanza aliwaendea wanaocheka. "Makwenu hakuna kazi?" aliuliza. "Fundi anajaribu rangi. Hamjaona mtu akijaribu rangi?" Mama wa nyanya alijitwika beseni lake, na wengine wakamfuata kwa shingo upande. Kisha akasimama chini ya ngazi, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Baba, mwenye shule amepiga simu. Amebadilisha maneno. Anasema mistari mitatu ya chini itolewe."

Baba aliitua brashi yake ndani ya kopo. "Kapiga simu."

"Ndiyo, Baba."

"Kwako wewe. Duka la dawa."

"Ndiyo, Baba."

Mzee alishuka ngazi, kipandio kwa kipandio. Alipofika chini hakumtazama usoni, alitazama viatu vyake vilivyojaa matone ya bluu. "Wale watu," alisema, "walikuwa wanacheka nini?"

Bibi Harusi alikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni, mzuri, umeiva. Ukamgomea. Machozi yakamtoka yeye badala ya maneno.

"Basi usilie," alisema Baba. "Anayestahili kulia ni mimi na wala silii. Rangi ya leo bado mbichi, inafutika." Akachovya tambara kwenye tapentaini. Akapanda tena. Akaweka tambara mwanzo wa mstari wa tatu, lakini hakufuta. "Soma."

"Baba..."

"Nimeuandika kwa saa nne, mwanangu. Nataka kujua nilikuwa nasema nini."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, na Baba akawa anafuta kila neno likishatajwa. Fundi. Mwisho. Wa maneno. Ni hapo juu. Baba alitoa pumzi puani, ikawa kama kicheko. Walipofika kwenye visingizio tambara lilienda polepole zaidi. Kwenye kinyozi akasema, "Kinyozi muongo, zilikuwa siku sita tu." Kwenye tembo akasimama kabisa.

"Hapendi tembo?"

"Ndivyo inavyosema, Baba."

"Mtu mzima na akili zake, hapendi tembo." Akatikisa kichwa, akafuta. Kisha akangoja, tambara mkononi. "Endelea."

"Yameisha, Baba."

"Yale ya mwisho bado. Pale wanaposema, tunakushukuru sana fundi, kazi yako haina mfano."

Bibi Harusi aliutazama ukuta, akaitazama karatasi iliyobandikwa kwenye ngazi, akaigeuza hata nyuma. "Hayamo, Baba."

"Humo kila siku. Mama yenu hunisomea kila karatasi, humalizia na hayo. Kila karatasi." Ngurumo ilipita mbali. Bibi Harusi alimwona anavihesabu vile vipande vyote vilivyoungua jikoni, na roho ikamuuma kuliko alipomwona akiwainamia wale watu. Lakini mabega ya mzee yalianza kutikisika, Bibi Harusi akashika ngazi kwa hofu, kumbe Baba anacheka. Anacheka na kufuta macho kwa mkono wenye rangi, akajipaka bluu mpaka kwenye nyusi.

"Miaka ishirini na sita," alisema, "nimesifiwa na mwanamke mmoja, nikidhani ni mji mzima."

Mume akafika na turubai begani, wifi naye na furushi la matambara. Wote wawili walikuwa wamejiandaa.

"Nimesikia mwenye shule kabadilisha maneno," alisema mume kwa sauti kubwa.

"Hata mimi nimesikia," alisema wifi, "simu ikakatika."

Baba aliwatazama kutoka juu, mmoja mmoja, kama anavyotazama ukuta kabla ya kuupiga chaki. "Kumbe wote," alisema. "Haya, shikeni turubai. Huyu tembo lazima afe kabla ya mvua."

Wakasimama watatu, mikono juu, wameinua turubai kwa vijiti, mvua ikawashukia bila salamu, maji yakiwaingia mikononi mpaka kwapani. Chini yake Baba alifanya kazi kwa haraka ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiona. Mgongo wa tembo aliupaka kijani ukawa kilima. Masikio yakawa miti miwili. Mkonga akauachia urefu wake, akauvuta mpaka kwenye mlango wa shule, ukawa njia. Jicho tu ndilo alilolibakiza, dogo, katikati ya majani. Kama hujui lilipo, hulioni.

Jumamosi mwenye shule alikisifia kilima kile mbele ya wazazi wote. Alisema sasa hiyo ndiyo picha, siyo mambo ya matembo.

*

Mama mkwe alirudi baada ya siku kumi na mbili, na habari za mjukuu wa kike na viazi gunia zima. Kabla hajakaa aliuliza, "Imekuja karatasi?"

"Moja, Mama," alisema Bibi Harusi. "Imeingia leo. Imo kabatini."

Hilo lilikuwa kweli. La ile nyingine alitaka kulisema, na alikuwa amejipanga kwa siku kumi namna ya kulisema. Alijua Mama angeweza kumrudisha kwao kwa heshima zote, na angekuwa na haki. Akafungua mdomo. Baba, aliyekuwa pembeni anamkodolea macho mjukuu kwenye picha ya simu, akakohoa.

"Lete hiyo karatasi," alisema. "Na mkasi wa mama yako."

Mama alisimama akaelekea stoo.

"Kaa," alisema Baba. "Mle ndani pana joto. Nisomee hapa hapa."

Mama akageuka. Aliwatazama watoto. Mume alikuwa anachunguza waya wa feni kana kwamba hajawahi kuona waya. Wifi alikuwa anasoma daftari kwa bidii ya mtu aliyelipwa. Bibi Harusi alishika karatasi kwa mkono mmoja na mkasi kwa mwingine na hakujua wapi pa kuyaweka macho. Ukumbi mzima ulikuwa unajua, na kila mmoja alikuwa anamsubiri Mama naye ajue kwamba wanajua. Ilimchukua muda. Kisha akakaa, taratibu, akavaa miwani.

"Macho ya Baba yenu siku hizi," alianza.

"Ndiyo, Mama," walijibu wote watatu, pamoja mno.

Mama akasoma. Ilikuwa ya fundi baiskeli, anataka ubao wa mlangoni. TUNAZIBA PANCHA, TUNANYOOSHA RIMU. Bibi Harusi alisimama nyuma ya kiti chake na macho yake, kwa mazoea ya kaunta, yakateleza mpaka chini ya karatasi. Chini pale fundi baiskeli alikuwa ameandika: BRASHI, NAKUJUA WEWE. IKIPITA ALHAMISI NITAANDIKA MWENYEWE KWA MKAA.

"Na hapa mwisho," alisema Mama, bila sauti yake kutetereka hata kidogo, "anasema, tunakushukuru sana fundi, kazi yako haina mfano."

Baba aliinua macho, akayapitisha juu ya kichwa cha mkewe mpaka kwa mkaza mwana.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwanangu?"

Hakuwa amemwita Bibi Harusi. Mama aliona hilo, na mkono wake ukabana karatasi.

"Ndivyo, Baba," alisema Bibi Harusi. "Neno kwa neno."

Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi mke wangu, ukimwona huyo anayeandikaga hayo maneno ya mwisho, mwambie nami namshukuru. Mwambie namshukuru kwa yote, tangu karatasi ya kwanza. Ni vile tu nilikuwa sijui pa kumpata."

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. Miwani ilikuwa imeingia ukungu, akaivua, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Akampa karatasi mkaza mwana pamoja na mkasi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kukata.

"Nitamwambia," alisema Mama.